Kila Mwamba Ngoma: Maigizo ya Vita vya Wamoro na Wakristo huko Hispania

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wahenga wetu wamesema: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Nasi methali hii aghlabu huitumia katika mambo ya mirathi, au jirani wawili wakigombea mpaka wa shamba. Leo nataka tuitumie katika jambo jengine, nalo ni namna watu wanavyovisimulia vita vyao vya zamani mbele ya wake zao na watoto wao, kwa nguo za fahari na farasi na baruti, kisha wakaliita jambo hilo sherehe.

Katika mji wa Alcoy, ulioko milimani upande wa mashariki wa Hispania, katika jimbo la Alicante, hufanywa kila mwaka mwezi wa Aprili, karibu na tarehe 23 ambayo kwa Wakristo ni siku ya Mtakatifu Jorji, maonyesho ya siku tatu yajulikanayo kwa jina la Moros y Cristianos, yaani Wamoro na Wakristo. Na Wamoro, ndugu msomaji, ni sisi. Ndilo jina walilowaita Waislamu wote, awe Mwarabu, awe Mberberi, awe Mhispania aliyesilimu babu wa babu yake. Wareno walipofika pwani yetu walilileta jina hilo hilo, wakawaandika wazee wetu wa Kilwa na Mombasa kuwa ni Wamoro. Francisco d'Almeida, aliyeichoma Mombasa mwaka 1505, kabla yake alikuwa amepigana katika vita vya Granada. Wahispania nao walilifikisha Ufilipino, na huko Waislamu wa Mindanao wamelishika wakalifanya ni jina lao la heshima hata leo. Kwa hivyo asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya Wazungu na hayatuhusu.

Miji inayofanya sherehe hizi Hispania ni mingi, khasa upande wa Valencia, lakini Alcoy ndio mama yao. Na kabla sijasema lililo baya katika jambo hili nataka niseme lililo zuri, kwani Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida ametuamrisha tusiache uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu.

Lililo zuri la kwanza ni kwamba sherehe ile ni ya watu wenyewe. Kuna vikundi 28, 14 vya Wamoro na 14 vya Wakristo, na kila kikundi kina wanachama wake wanaotoa mchango wao mwaka mzima, wakakutana, wakala pamoja, wakatengeneza mavazi yao. Vikundi hupokezana zamu ya kutoa kapteni na mshika bendera, na aliyepata zamu huingia gharama kubwa asilalamike. Babu humrithisha mwanawe na mwana mjukuu. Hapana anayewaamrisha.

La pili ni mpango. Siku ya kwanza ni ya kuingia mjini: asubuhi huingia jeshi la Wakristo, na jioni jeshi la Wamoro, safu baada ya safu, bega kwa bega, kwa mwendo wa taratibu unaofuata nyimbo za matarumbeta zilizotungwa kwa ajili ya siku hiyo tu. Siku ya pili ni ya ibada yao, na ibada yao ni yao. Siku ya tatu ndiyo ya vita. Katikati ya uwanja wa mji hujengwa ngome ya mbao. Asubuhi balozi wa Wamoro huja juu ya farasi, akasimama mbele ya ngome, akahutubu kwa maneno ya kishairi akitaka mji usalimu amri. Hukataliwa, na baruti huanza kulia mpaka mji mzima ukafunikwa na moshi, na Wamoro wakaitwaa ngome. Alasiri mambo hupinduka: huja balozi wa Wakristo, naye hukataliwa, baruti hulia tena, na ngome ikarudi kwa Wakristo. Mwisho kabisa huonekana juu ya ukuta mtoto mdogo aliyevikwa mavazi ya Mtakatifu Jorji, akirusha mishale, na watu wakashangilia.

La tatu, na hili huwashangaza wengi, ni kwamba mavazi ya Wamoro ndiyo ya fahari zaidi. Vilemba, majoho, manyoya ya ndege, panga zilizopinda, ngozi za wanyama, ngao za kumeremeta. Wako watu wa Alcoy, Wakristo wana wa Wakristo, waliozaliwa Wamoro kwa kikundi na watakufa Wamoro kwa kikundi, na wanaona fahari kwa hilo.

Basi vijana wetu waliopata kuyaona maonyesho haya katika filamu hugawanyika mafungu mawili. Fungu moja husema: tunatukanwa, michezo hii ipigwe marufuku. Fungu la pili husema: tunasifiwa, angalieni namna walivyotupamba. Mimi nasema kwamba mafungu yote mawili yameiangalia nguo wala hayakuuangalia mwili ulio ndani yake.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Je, kuigiza vita ni haramu? La. Imethubutu katika vitabu viwili sahihi kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) siku ya Idi, na Mtume akamsitiri Bibi Aisha (R.A.) kwa shuka yake huku yeye akiwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe. Na Sayyidna Umar (R.A.) alipotaka kuwazuia kwa kuwarushia changarawe, Mtume alimwambia awaache. Wanavyuoni wetu wametunga vitabu vizima juu ya upandaji wa farasi na kutupa mishale, na Ibn al-Qayyim ni mmoja wao. Huko Morocco mpaka leo wapanda farasi hupanga safu, wakaenda mbio kwa pamoja, wakasimama ghafula na kufyatua bunduki zao kwa pamoja ukadhani ni mlio mmoja. Mchezo huo huitwa tburida, na mwaka 2021 uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za wanadamu. Ama hukumu ya matarumbeta ina maelezo yake, na hapa si pahala pake.

Lakini angalia tofauti. Wahabeshi wa msikitini walicheza silaha na hapakuwa na aliyeshindwa. Wapanda farasi wa Morocco hushindana na nafsi zao, anayepoteza ni yule aliyefyatua kabla ya wenzake. Mchezo wa Alcoy una adui, na adui ana jina, na ana dini, na kila mwaka hushindwa saa ile ile. Mchezo wa namna hiyo hautoshi kuupima kwa halali na haramu ya mchezo. Hupimwa kama ushahidi unavyopimwa, kwa sababu mwenye kumwigiza mtu amemshuhudia. Kwa hivyo tutauliza: ushahidi huu ni wa kweli? Na je, umekamilika?

Kisa wanachokiigiza ni hiki. Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon aliutwaa mji wa Valencia, ambao Waislamu wakiuita Balansiya, mwaka 1238. Katika milima ya kusini alikuwako bwana mmoja wa Kiislamu, jina lake Muhammad bin Hudhayl, maarufu kwa jina la al-Azraq. Mwaka 1245 aliandikiana mkataba na upande wa mfalme, na mkataba huo upo mpaka leo katika hazina ya nyaraka, umeandikwa kwa Kiarabu na kwa Kihispania cha wakati ule katika karatasi moja. Wataalamu walioyasoma maandishi yote mawili wameonyesha kwamba hayasemi jambo moja. Kwa Kihispania, al-Azraq ni mtu aliyejisalimisha akawa chini ya bwana wake. Kwa Kiarabu, ni mtawala aliyefanya suluhu na mwenziwe. Karatasi ni moja, wino ni mmoja, na kila mmoja ameivutia ngozi kwake! Haukupita muda mrefu suluhu ikavunjika, vita vikapiganwa miaka mingi, na mwaka 1258 al-Azraq akatoka nchini. Alirudi mwaka 1276, akaishambulia Alcoy, akauawa kwenye kuta zake. Watu wa mji wakasema kwamba Mtakatifu Jorji alionekana akiwapigania. Hiyo ndiyo siku inayosherehekewa.

Sasa linganisha. Mfalme Jaume alituachia kitabu cha habari zake mwenyewe, na ndani yake imesimuliwa kwamba baada ya al-Azraq kuuawa, watu wa Alcoy walitoka kuwaandama Waislamu, wakaingia katika mtego, na wengi wao wakauawa. Hii si riwaya ya Waislamu, ni riwaya ya mfalme wao. Lakini mchezo wa uwanjani humalizika kwa mtoto na mishale yake, na msiba uliofuata haumo. Sisemi haya ili tufurahie kufa kwa wale. Nasema ili ionekane kwamba mchezo umewadhulumu hata mashahidi wao wenyewe, kwa sababu aliyetaka ushindi mtupu hana pahala pa kuwaweka wafu wake.

Ama mavazi, yale si ya Waislamu wa Valencia wa mwaka 1276. Ni mavazi waliyoyawaza watu wa Ulaya wa karne ya 19 walipokuwa wakiota habari za Mashariki, wakachanganya Mturuki na Mwarabu na mtu wa barani Afrika katika kanzu moja. Hotuba za mabalozi nazo ni za karne hiyo. Bunduki zile hazikuwako zama za al-Azraq. Na miongoni mwa vikundi 14 vya Wamoro kimo kimoja kiitwacho Mayahudi, kana kwamba kila asiyekuwa Mkristo alikuwa jeshi moja. Mayahudi walifukuzwa Hispania mwaka 1492, na uwanjani wamepewa kazi ya kushindwa pamoja nasi.

Lakini kasoro hizi za nguo na bunduki ni ndogo. Kila mchezo una chumvi yake. Kasoro iliyo kubwa ni ile isiyoonekana, nayo ni yale yaliyotokea baada ya vita.

Habari za kale zinazotueleza sherehe ya Alcoy yenye vikosi vya Wamoro na vya Wakristo ni za mwaka 1668. Uitie akilini tarehe hii. Baada ya kushindwa, Waislamu wa Valencia hawakuondoka wote. Walibaki karne tatu wakilima nchi, wengi wao chini ya mabwana wa Kikristo, wakiswali na kufunga. Mwaka 1525 mfalme Carlos wa Tano aliwaamuru wawe Wakristo au watoke. Wakabatizwa kwa nguvu, wakabaki na Uislamu wao ndani ya nyumba. Mufti mmoja wa Oran, kabla yake, mwaka 1504, alikuwa amekwisha kuwaandikia Waislamu wa Hispania fatwa ya kuwafundisha vipi mtu ataswali hali akiogopa, na atafanyaje akilazimishwa alichokikataza Mola wake. Mwenye kutaka kujua nini maana ya dini kuwa kaa la moto mkononi na aisome fatwa hiyo.

Kisha mwezi wa Septemba 1609 mfalme Felipe wa Tatu akatoa amri wafukuzwe, waliobatizwa na wana wa waliobatizwa. Katika nchi ya Valencia peke yake walitolewa watu zaidi ya 110,000, karibu thuluthi ya watu wote wa nchi ile. Walipakiwa katika majahazi Denia na Alicante na bandari nyengine, wakatupwa pwani ya Oran. Wengine waliuawa njiani, na watoto wadogo wengi walizuiliwa walelewe na wengine. Waliopanda milimani kukataa walipigwa na kutawanywa. Mpaka mwaka 1614, katika Hispania yote, walikuwa wametolewa watu wapatao 300,000. Waliosalimika walijenga upya maisha yao Morocco, Algeria na Tunisia. Huko Testour, Tunisia, wamejenga msikiti ambao mnara wake umefanana na minara ya nchi waliyofukuzwa.

Basi sherehe ya mwaka 1668 ilifanywa miaka 59 baada ya amri hiyo. Yaani Mmoro wa mchezo alionekana uwanjani baada ya Muislamu wa kweli kutokuwako tena katika nchi. Alipokuwa jirani, mwenye shamba, mwenye kulipa kodi, mwenye mama mgonjwa, hakuvikwa joho. Alivikwa joho alipokwisha kuondoka, na mtu aliyeondoka hawezi kusema: hili sivyo.

Ndiyo maana nasema fungu la pili la vijana wetu limekosea. Kuipenda kanzu ya mtu si kumpenda mtu. Mwindaji huitundika ngozi ya chui ukutani akawaonyesha wageni wake uzuri wake, wala hatusemi kwamba amempenda chui.

Wataniambia watu wa Alcoy, na wana haki ya kusema: mzee, huu ni mchezo, hapana mtu anayeondoka uwanjani na chuki moyoni. Nami nakubali kwamba wengi wao ni hivyo. Lakini Hispania leo ina Waislamu zaidi ya milioni mbili, wengi wao wenye asili ya Morocco, na watoto wao wasoma skuli moja na watoto wa wenyeji. Mtoto wa Kiislamu aliyesimama pembeni ya njia siku hiyo anajifunza nini? Anajifunza kwamba kuna namna moja tu ya yeye kuwamo katika historia ya mji anaokaa, nayo ni kuja na upanga asubuhi na kushindwa jioni. Hapana aliyemtukana. Lakini hapana aliyemwambia lililobaki.

Na lililobaki ni kubwa. Maneno yenyewe ya sherehe yao yanashuhudia. Vita vile vya siku ya tatu wao huviita alardo, na asili yake ni neno la Kiarabu la gwaride la kuhesabu askari. Mshika bendera wao huitwa alférez, nalo ni al-faris, mpanda farasi. Hata Mkristo anapojipanga kumpiga Mmoro, hujipanga kwa lugha ya Mmoro. Vijiji vinavyoizunguka Alcoy ni Benilloba, Benifallim, Benimarfull, Beniarrés, na kila aliyesoma juzuu moja ya Kiarabu anajua maana ya Bani. Wao wasema azúcar, sisi twasema sukari. Wao wasema aceituna, sisi twasema zaituni. Wao wasema hasta, sisi twasema hata. Katika mji wa Valencia kila Alhamisi adhuhuri wakulima hukaa mlangoni pa kanisa kuu, wakahukumiana juu ya maji ya mifereji kwa mdomo bila ya karatasi, na wengi huinasibisha desturi hiyo na zama za Waislamu.

Lakini liko kubwa kuliko hayo, na hili nawaambia khasa walimu wenzangu wa vyuo. Mji wa Denia, ambao bandari yake ilipakia waliofukuzwa, ndio alikokaa na kufa Abu Amr al-Dani, mwaka 1053, mtungaji wa kitabu cha Taysir katika visomo saba vya Qur'ani. Na mji wa Xàtiva, usio mbali na Alcoy, Waislamu wakiuita Shatiba, ndiko alikozaliwa Imam al-Shatibi, kipofu wa macho mwenye nuru ya moyo, aliyekitia kitabu cha al-Dani katika tungo la beti 1173, akafa Cairo mwaka 1194. Hapana mwenye kusoma visomo saba, awe Lamu, awe Unguja, awe Jakarta, ila amepita mlango wa watu hao wawili. Shatiba ndiyo iliyokuwa mashuhuri kwa karatasi, na al-Idrisi ameisifu karatasi yake katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154. Na Alcoy yenyewe baadaye ilikuwa mji wa viwanda vya karatasi.

Sasa niambie, ndugu msomaji. Vikundi 14 vya Wamoro hupita mjini, maelfu ya watu, kila mmoja na upanga wake. Yuko wapi mwenye kalamu? Yuko wapi mwenye jembe aliyechimba mfereji? Yuko wapi kipofu aliyehifadhi? Yuko wapi mama aliyepanda jahazi mwaka 1609 na mwanawe akabaki ufukoni? Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya sherehe ya Alcoy: imetungwa kwa ustadi, imepangwa kwa mapenzi, na ushahidi wake ni pungufu. Na ushahidi pungufu katika haki ya mtu ni kama deni ambalo halijalipwa.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sina budi kulitaja, na nalitaja kwa adabu. Katika baadhi ya miji ya upande ule, Biar ukiwa mmoja wao, huletwa sanamu kubwa la mtu waliloliita kwa jina la Mtume wetu (S.A.W.) kama wanavyolitamka wao. Wenyeji wengi husema kwamba kwao ni mdoli wa sherehe tu na hawamkusudii Mtume. Katika miji mengine kichwa cha sanamu hilo kikitiwa baruti kikaripuliwa. Mwaka 2006, baada ya fitina ya vikaragosi vya gazeti la Denmark, iliripotiwa kwamba mji wa Bocairent uliacha desturi hiyo ya kuripua. Wako waliosema wameacha kwa hofu, na wako waliosema wameacha kwa adabu.

Mimi sijui nyoyo za watu, Mwenye kuzijua ni mmoja. Lakini najua hili: linaloachwa kwa hofu hurudi hofu ikiondoka, na linaloachwa kwa kujua halirudi. Jina lile kwetu si la mdoli, na jirani mwema akiambiwa kwa upole kwamba hapo pana jeraha, hupaepuka. Kwa hivyo fungu la kwanza la vijana, wanaotaka kelele na marufuku, nawaambia: Waislamu wa Hispania wana ndimi na wana akili, na lugha ya nchi waijua. Kazi ni yao kuingia katika mabaraza ya miji yao, wakafundisha habari za Shatiba na Denia na za 1609, mpaka ifike siku mtu wa Alcoy mwenyewe aseme kwamba mchezo wetu haujakamilika. Kumpa mtu elimu aliyoikosa ni kheri kuliko kumnyang'anya sherehe yake.

Na sasa tugeuze kioo kwetu, kwani ni rahisi kuliona doa la kanzu ya mwenzio.

Sisi pia tuna michezo ya vita. Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, watu hupigana kwa makuti ya migomba, wakamaliza kinyongo chao, wakala pamoja, na hapana upande uliopangiwa kushindwa tangu jana. Huo una hekima ndani yake. Lakini baba zetu pia walicheza beni, wakavaa kama askari na maadmeri wa Kizungu, Kingi na Skochi huko Mombasa, Arinoti na Marini kwengine, wakatumia mali nyingi kuigiza mavazi ya waliowatawala. Na leo kila pwani yetu inataka tamasha, na majumba ya zamani yanafunguliwa kwa wageni, na vijana wanaambiwa wavae kanzu na jambia waonyeshe historia.

Tunaonyesha historia gani? Tunapoisimulia Ngome ya Mombasa twasema: Mreno dhalimu alikuwa ndani, Muislamu alikuwa nje, ikazingirwa tangu 1696 mpaka Disemba 1698, Muislamu akashinda. Maneno mazuri, lakini ngozi tumeivutia kwetu. Katika mwaka 1697 maradhi yalipowamaliza Wareno ndani ya ngome, aliyeishika ni Bwana Daud wa Faza na watu wake, Waislamu wa pwani hii hii, wakipigana na jeshi la Oman. Alikuwa na sababu zake, na ugomvi wake na miji jirani, na ahadi zake. Kama vile yule El Cid ambaye Wahispania humsifu kwa kuwapiga Waislamu, alipofukuzwa na mfalme wake aliwatumikia miaka kadhaa watawala wa Kiislamu wa Zaragoza. Mambo ya wanadamu hayakai katika safu mbili kama vikundi vya Alcoy.

Na tunapoyaonyesha majumba ya mawe na milango ya nakshi, tunamtaja fundi na tunamtaja tajiri. Mtumwa aliyechoma chokaa na kubeba boriti, tunampa nafasi gani? Ama hatumtaji, ama humpa kijana mmoja kaniki na mnyororo apite nyuma bila ya kusema neno. Huyo ndiye Mmoro wetu. Tukidai kwa watu wa Alcoy ulimi wa waliofukuzwa, nasi tunadaiwa ulimi wa waliouzwa, na wajukuu zao ni majirani zetu, twaswali nao safu moja. Atakayewaambia watoto wake kwamba hayo hayakuwako, amefanya lile lile alilolichukia kwa wengine.

Nasaha yangu kwa nyumba za Kiislamu ni chache. Mwenye mzee nyumbani na amuulize habari zake kabla hajaondoka, aziandike, za fahari na za aibu pia. Mwalimu wa chuo anapofundisha kisomo na amwambie mwanafunzi Shatiba iko wapi na watu wake walipatwa na nini. Wenye kamati za matamasha, kabla hawajagawa mavazi, na waulize: ni nani katika kisa hiki ambaye hayupo hapa kujisemea? Kisha wamtafute mjukuu wake, wamkalishe katika kamati.

Mwenyezi Mungu mwishoni mwa Sura ya Yusuf ametwambia kwamba katika visa vya waliopita mna mazingatio kwa wenye akili. Na kisa chenyewe, mwenye kukisoma ataona kimemtaja Yusuf kisimani na nduguze waliomtupa, na toba yao mwishoni, hakikuficha upande wowote. Huo ndio mfano wa kusimulia.

Wallahu a'alam.